Kupima Vipoza Oili kwa Presha: Ufundi wa Magari ya Zamani na Mfano wa Sydney

Kipoza oili ni rejeta ndogo inayopitisha oili ya injini badala ya maji. Oili huingia ikiwa imebeba joto la beringi na pistoni, hupita katika mirija myembamba inayopigwa na upepo au kuzungukwa na maji, kisha hurudi kulainisha injini. Kukipima kwa presha ni kukiziba pande zote, kukijaza upepo, maji au oili hadi kiwango kilichopangwa, na kutazama kama kinavuja au kinavimba. Kazi yenyewe yaweza kumalizika ndani ya saa moja. Ugumu uko katika swali linaloitangulia: kipimwe kwa presha kiasi gani? Wengi wanaofufua magari ya zamani hujibu kwa kutazama geji ya oili iliyo mbele ya dereva. Jibu hilo mara nyingi si sahihi, kwa sababu geji husoma presha ya njia ya beringi wakati injini imeshika joto, ilhali kipoza huumia injini ikiwa bado ya baridi.

Magari ya mwanzo hayakuwa na tatizo hili kwa sababu hayakuwa na kipoza. Nyingi ya injini zake zililainishwa kwa oili ya kudondoka tone kwa tone, ambayo ikishatumika ilipotea, au kwa oili iliyorushwa na mitaimbo ya pistoni ilipochovya ndani ya sampu. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kuenea hadi vijiji vya ndani vya Australia, ilitumia njia hiyo ya kurusha; haikuwa na pampu ya oili wala presha ya kupima. Sampu ya chuma iliyopigwa na upepo wa barabarani ilitosha kupoza. Mambo yalibadilika pale injini zilipoanza kuzunguka kwa kasi na kubebeshwa mzigo mrefu, hasa katika mashindano. Oili ikawa na kazi mbili, kulainisha na kubeba joto, na oili ya moto kupita kiasi huwa nyepesi mno kuitenga beringi na krenki.

Sydney ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu mji huo unakutanisha mambo yanayoitesa oili. Tarehe 14 Januari 1939 kituo cha hali ya hewa cha Observatory Hill kilisoma nyuzi 45.3 za Selsiasi, rekodi iliyodumu hadi 2013. Kuelekea magharibi barabara hupanda milima ya Blue Mountains, na kusini kuna mteremko na mpando mkali wa Bulli Pass. Lakini milima hiyohiyo ya magharibi hupata asubuhi za baridi kali wakati wa majira yao ya kipupwe, na pwani yenyewe ina hewa ya chumvi inayokula shaba na lehemu. Gari moja laweza kuwashwa likiwa limeganda kwa baridi huko Katoomba, mji wa milimani, na baada ya miezi sita likapanda njia ileile katika joto la tanuri.

Wajenzi wa magari ya kasi wa mji huo walikutana na suala la oili mapema. Don Harkness, ambaye karakana yake ya Harkness & Hillier ilikuwa Five Dock, alivuka kasi ya maili 100 kwa saa mwaka 1925 katika ufuko wa Gerringong, kusini mwa Sydney, kwa gari lenye injini ya ndege aina ya Hispano-Suiza. Baadaye alijenga gari la Fred H. Stewart Enterprise kwa ajili ya Norman “Wizard” Smith, ambaye mnamo Januari 1932 aliliendesha katika ufuko wa Ninety Mile, New Zealand, na kuweka rekodi ya maili kumi kwa wastani wa zaidi ya maili 164 kwa saa. Injini yake, Napier Lion yenye safu tatu za silinda, ilitoka katika ulimwengu wa ndege, ambako oili haikai chini ya injini bali katika tangi la pembeni. Huko ndiko ufundi wa kipoza ulikokomaa kabla ya kushuka barabarani. Wengine walichukua njia fupi zaidi. Bugatti ya Type 35 ya mwaka 1924 ilipitisha mirija ya hewa ndani ya sampu ya alumini, upepo ukapoza oili bila oili kutoka nje ya injini. Bill Thompson wa Sydney, aliyeshinda Australian Grand Prix kwa Bugatti miaka ya 1930 na 1932, alitumia gari la ukoo huo. Sampu ya namna hiyo haihitaji kupimwa kwa presha kubwa, maana oili iliyomo imetulia tu. Kinachotafutwa ni mvujo mahali mrija unapoungana na ukuta.

Kipoza cha nje ni habari nyingine, na mahali kilipofungwa katika mzunguko wa oili ndipo panapoamua kila kitu. Kuna mipangilio mitatu mikuu. Katika wa kwanza, oili yote ya pampu hupita kwenye kipoza kabla ya kufika kwenye beringi; hapo kipoza hubeba presha kamili ya pampu na zaidi kidogo, kwa kuwa geji husoma kile kilichobaki baada ya kipoza. Katika wa pili, kipoza hupewa tu oili inayofukuzwa na valvu ya kupunguza presha, ambayo huelekea sampu. Presha yake ya kawaida ni ndogo. Katika wa tatu, unaotumika kwenye injini zenye tangi la pembeni, pampu ya kunyonya huchota oili kutoka chini ya injini na kuisukuma kupitia kipoza hadi tangini. Karatasi ya mwundaji itasema kwamba njia hii ina presha ndogo sana, na hapo ndipo mtego ulipo. Pampu ya kunyonya kwa kawaida huundwa iwe na uwezo mkubwa kuliko pampu ya presha ili oili isirundikane ndani ya injini, nayo ni pampu ya gia: kila mzunguko husukuma ujazo uleule, njia iwe wazi au imeziba. Mara nyingi haina valvu ya kujiokoa. Oili ikigoma kupita, presha hupanda hadi kitu kipasuke, na kitu chenye ukuta mwembamba kuliko vyote katika njia hiyo ni kipoza.

Oili hugoma kupita kwa sababu ya baridi. Oili ya SAE 30 ya siku hizo, isiyo na viongezeo vya kuituliza, ina mnato wa takriban mara mia kwenye nyuzi sifuri kuliko kwenye nyuzi mia. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani (SAE) kilianza kuzipanga oili kwa mnato mwaka 1911, lakini oili za daraja mchanganyiko, zisizobadilika sana kama hiyo kati ya baridi na joto, zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo dereva wa mwaka 1930 aliyewasha injini alfajiri na kuizungusha kwa nguvu ili ipate moto haraka alikuwa akikipima kipoza chake kwa presha ambayo hakuna geji iliyoiona. Ndiyo maana wahandisi wa ndege waliweka valvu ya njia ya pembeni, inayofunguka pale tofauti ya presha kati ya mlango wa kuingilia na wa kutokea inapozidi, ili oili nzito ikikwepe kipoza mpaka ilainike. Magari mengi ya zamani, na hasa yale yaliyofungiwa kipoza baadaye na fundi wa mtaani, hayana valvu hiyo.

Kanuni iliyorithiwa kutoka kwa mafundi wa boila, wakiwemo wale wa karakana kubwa za reli za Eveleigh mjini Sydney, ni kupima chombo kwa mara moja na nusu ya presha ya kazi. Kanuni ni nzuri, mradi presha ya kazi ijulikane. Boila ina valvu ya usalama inayoiweka presha hiyo wazi. Kipoza kina geji iliyo mahali pengine. Hesabu ya haki huanza na presha ambayo valvu ya pampu hufunguka, huongeza upinzani wa oili baridi, na ndipo huzidisha. Kwa injini ambayo geji yake husoma pauni 40 kwa inchi ya mraba ikiwa moto, kipoza kilicho katika njia kuu huenda kikahitaji kupimwa kwa mara mbili ya kiwango hicho au zaidi. Kipoza kilekile kikiwekwa kwenye njia ya kurudi sampu, kukipima hivyo ni kukionea.

Ni wapi kitakaposalimu amri? Hesabu nyepesi hujibu. Mrija wa mviringo wenye kipenyo cha milimita 6 na ukuta wa milimita 0.2, ukijazwa presha ya pauni 85 kwa inchi ya mraba, yaani takriban kilo 6 kwa sentimita ya mraba, hubeba mkazo wa megapaskali 9 tu ukutani. Shaba ya kawaida hubeba mkazo wa mara kadhaa ya huo bila taabu. Lakini bamba bapa la tangi la pembeni, lenye upana wa milimita 60 na unene wa milimita 1, likishikwa kingo zote mbili, kwa presha hiyohiyo hutakiwa kubeba mkazo wa kupinda unaozidi megapaskali 1000, kiasi ambacho hakuna karatasi ya shaba inayokiweza. Bamba hilo litavimba na kuikwanyua lehemu ya kingo zake. Hii ndiyo sababu vipoza vilivyoundwa kwa akili vina matangi ya mviringo au mabamba yaliyotiwa mikunjo, na ndiyo sababu kukata kipande cha rejeta ya maji na kukigeuza kipoza oili ni wazo baya. Rejeta za masega za mtindo ulioanzishwa na Wilhelm Maybach kwa Mercedes mwanzoni mwa karne ya 20 ziliundwa kwa maji yasiyo na presha yoyote.

Lehemu nayo ina udhaifu wake. Mchanganyiko wa bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, lakini nguvu zake hupungua mapema zaidi, na ukivutwa muda mrefu ukiwa na joto hutambaa polepole hadi kuachia. Oili ya gari linalopanda mlima yaweza kufika nyuzi 120 au zaidi. Kiungo kilichonyamaza kimya katika kipimo cha asubuhi kwa maji baridi chaweza kufunguka jioni barabarani. Kipimo kamili kwa hiyo hufanywa mara mbili, baridi na moto, kwa maji ya nyuzi 80 au 90 au kwa oili iliyochemshwa; karakana chache hujisumbua na hicho cha pili.

Kuhusu cha kujazia, kila kimoja kina faida na hatari. Maji hayabanwi kwa urahisi, hivyo hayaweki nguvu nyingi. Kipoza cha lita 2 kilichojazwa maji kwa presha ya angahewa sita juu ya ile ya kawaida kina nishati isiyofika hata robo ya jouli. Kikipasuka, maji hutiririka basi. Kikijazwa upepo kwa presha hiyohiyo kina takriban jouli 1500, maelfu ya mara zaidi, na vizibo vyake vyaweza kuruka kama risasi. Kwa hiyo uimara hupimwa kwa maji, kwa pampu ya mkono, na upepo huingizwa baadaye kwa presha ndogo zaidi kwa ajili ya kutafuta mvujo, kipoza kikiwa kimezamishwa chote ndani ya tangi la maji. Anayeanza na upepo wa kompresa kwenye chombo chenye umri wa miaka tisini hajui anachokifanya.

Upepo hata hivyo ndio wenye macho makali. Mnato wake ni mdogo mara mia kadhaa kuliko wa oili ya moto, hivyo hupenya tundu ambalo oili ingelikataa. Kiputo cha kipenyo cha milimita 3 kikitoka kila sekunde ni chini ya mililita moja ya hewa kwa dakika. Oili ambayo ingepita hapo ni kidogo mno, pengine alama ya unyevu baada ya safari ndefu. Je, kipoza hicho kikataliwe? Wapo wanaosema tundu dogo litazibwa na tope la oili lenyewe. Hoja hiyo haisimami: tundu la vinyweleo vya chuma laweza kubaki lilivyo, lakini ufa hukua kwa mtikisiko, na ndani ya tangi la maji vyote viwili hutoa kiputo kilekile. Asiyeweza kutofautisha heri akatae.

Pale ambapo tangi la kuzamishia halipo, kuna mbinu ya zamani ya mafuta ya taa na chokaa. Nje hupakwa chokaa iliyokorogwa na kuachwa ikauke, ndani hujazwa mafuta ya taa, na kila tundu hujichora kwa doa jeusi. Ni ya polepole, na kwa mapezi yaliyosongamana haifai sana.

Wengine hutegemea geji peke yake: jaza upepo, funga, rudi baada ya nusu saa. Sindano ikishuka, kinavuja. Njia hii hudanganya pande zote mbili. Kipoza kilichokaa kwenye jua la Sydney hadi nyuzi 40 kikihamishiwa kivulini na kupoa hadi nyuzi 25 hupoteza karibu pauni 5 kwa inchi ya mraba kati ya 85 bila kuvuja hata kidogo, kwa sababu hewa iliyofungiwa husinyaa. Na mvujo ukiwa katika kizibo au mpira wa kuunganishia, geji itamlaumu asiyehusika.

Kipoza kinachozungukwa na maji, cha aina iliyotumika zaidi kwenye mashua, malori na baadhi ya magari ya kifahari, hupimwa upande mmoja baada ya mwingine. Injini ikizunguka, presha ya oili huizidi ya maji, kwa hiyo oili huingia kwenye rejeta. Injini ikizimwa oili hukosa presha, maji yaliyobaki juu hushuka kwa uzito wake na kuingia kwenye oili, na asubuhi oili huonekana kama chai ya maziwa. Madereva wengi huilaumu gasketi ya kichwa cha silinda na kuifungua injini bure. Kipimo kinachokata shauri ni kujaza upepo upande wa oili na kutazama viputo upande wa maji. Kupima ganda la nje pekee hakusemi lolote kuhusu ukuta unaotenga oili na maji.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kipoza na valvu yake kufanya kazi pamoja ni Volkswagen, iliyosanifiwa Ujerumani katika miaka ya 1930 na kupokewa vizuri Australia na Afrika Mashariki pia. Ilishinda mashindano ya magari ya Coronation Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, na mwaka uliofuata magari ya aina hiyo yakashika nafasi ya kwanza na ya pili katika Redex Trial, safari ya kuizunguka Australia iliyoanzia na kuishia Sydney. Injini yake haina maji, hivyo kipoza oili, kilichosimama ndani ya ganda la feni, si nyongeza bali ni kiungo cha lazima. Mwongozo wa karakana uliagiza kipimwe kwa kilo 6 kwa sentimita ya mraba. Uliongeza agizo ambalo wengi hulipuuza: kipoza kikikutwa kinavuja, valvu ya kupunguza presha nayo ikaguliwe. Valvu hiyo huifungulia oili baridi njia ya mkato kuelekea beringi na sampu. Ikikwama kwa uchafu ikiwa imefunga, kipoza hubeba presha yote ya asubuhi, hupasuka, hubadilishwa, na kipya hupasuka vilevile. Hapo kipimo cha presha kimetoa jibu la kweli kuhusu kipoza na kumwacha fundi gizani kuhusu chanzo. Kasoro nyingine ya mpangilio huo haikuhusu presha kabisa: kipoza kilikinga upepo wa silinda ya tatu, nayo ikawa na joto kuliko wenzake, hadi kilipohamishwa kwa muundo wa mwaka 1971.

Oili ikikosekana matokeo hayachelewi. Tarehe 15 Mei 1935 ndege ya Southern Cross ya Charles Kingsford Smith, ikiwa imeondoka Richmond karibu na Sydney kuelekea New Zealand, ilipoteza injini ya kulia baada ya kipande cha bomba la moshi kuivunja rafadha yake. Injini ya kushoto ikaanza kuishiwa oili. Rubani mwenza, P. G. Taylor, alitambaa nje juu ya nguzo za bawa mara kadhaa, akachota oili ya injini iliyozimwa na kuipelekea ile iliyokuwa ikifa, na ndege ikafika salama Mascot. Tatizo lile halikutoka kwenye kipoza. Lakini injini ambayo kipoza chake kimepasuka angani au mlimani hufika katika hali hiyohiyo, tena kwa kasi zaidi, kwa kuwa pampu yenyewe ndiyo inayoimwaga oili nje.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda cha Commonwealth Aircraft Corporation cha Lidcombe, magharibi mwa Sydney, kilitengeneza injini za Twin Wasp kwa leseni ya Pratt & Whitney. Injini za aina hiyo ndizo zilizoibeba Catalina iitwayo Frigate Bird II, ambayo Taylor aliirusha hadi Chile mwaka 1951 na ambayo sasa imo katika mkusanyiko wa makumbusho ya Powerhouse ya mji huo. Ufundi wa injini hizo ulifundisha jambo ambalo kipimo cha presha hakiwezi kulifikia. Beringi ikisagika, chembe za chuma huchukuliwa na oili na kunasa ndani ya mirija ya kipoza. Kipoza hicho chaweza kuzamishwa, kujazwa presha na kukaa siku nzima bila kiputo kimoja, kisha kikafungwa kwenye injini mpya na kuziachia chembe zile oili inapopata moto. Kutovuja ni jambo moja, kupitisha oili ni la pili, usafi ni la tatu, na kipimo cha presha huhusu la kwanza tu.

Kupitisha hupimwa kwa kusukuma oili ya joto linalojulikana na kulinganisha presha ya mlango wa kuingilia na ile ya kutokea. Usafi ni mgumu zaidi. Mafuta ya taa hulainisha tope laini. Soda kali huondoa lililogandamana kwenye shaba, ila huitafuna alumini na haipaswi kuikaribia. Mirija ikiwa imenyooka na matangi yakaweza kulehemuliwa upya, fundi hufungua pande zote mbili na kupitisha brashi. Ikiwa imepindapinda, hakuna njia ya kuona kilichobaki ndani, na kipoza kilichotoka kwenye injini iliyosaga beringi zake hutupwa, hata kama kimefaulu kipimo cha presha.